Doctor Who na ugomvi usiokwisha: nani huamua kilichotokea?

Tarehe 31 Mei 2025 Ncuti Gatwa, mwigizaji aliyezaliwa Kigali na kukulia Uskoti, aliiaga Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza ambamo aliigiza mhusika mkuu, Daktari. Mwili wake uliwaka mwanga wa dhahabu, kama ilivyo ada ya tamthilia hiyo, na mwanga ulipotulia aliyesimama pale alikuwa Billie Piper. Asiyefuatilia ataona mwisho wa msimu, basi. Wanaofuatilia waliona mengine. Piper aliigiza humo humo kuanzia 2005 kama Rose Tyler, msichana aliyependana na Daktari. Orodha ya majina mwishoni ilimtambulisha bila kusema, kama ilivyozoeleka, kwamba sasa yeye ndiye Daktari. Na katika kipindi hicho hicho adui wa kale aitwaye Omega alikuwa amerudi akiwa jitu la mifupa, ilhali hadithi ya mwaka 1973 ilituonyesha wazi kwamba hakuwa na mwili hata kidogo.

Moto ukawaka. Kila unapowaka, watu wa nje huuliza: si hadithi ya kubuni hii? Watu wazima wanagombania nini? Wengi hujijibu haraka kwamba mashabiki ni watu wasiopenda mabadiliko. Mashabiki wenyewe nao husema kwamba waandishi wa siku hizi wamevunja kitu kilichokuwa kizima. Mimi nimeifuata tamthilia hii muda wa kutosha kuona kwamba pande zote mbili zinakosea, na ili kuonyesha kwa nini, lazima tuanzie mbali kidogo.

Doctor Who ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy kuuawa. Wiki iliyofuata kipindi cha kwanza kilirudiwa kabla ya cha pili. Mhusika mkuu ni Daktari, msafiri asiye binadamu, ambaye huenda popote angani na wakati wowote, wa zamani au ujao, kwa chombo kiitwacho TARDIS. Kwa nje TARDIS ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza. Kwa ndani ni kikubwa kuliko kilivyo nje. Daktari anapokaribia kufa, mwili wake wote hubadilika. Sura, sauti na tabia vinakuwa vya mtu mwingine, kumbukumbu zinabaki. Hapa tutaita jambo hilo kujihuisha.

Wengi hudhani kujihuisha kulipangwa tangu mwanzo. La. Kulitokana na maradhi. Kufikia 1966 afya ya mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, ilikuwa imezorota, na BBC haikutaka kuua kipindi kinachopendwa. Wakabuni kwamba mzee ataanguka sakafuni na kuinuka akiwa Patrick Troughton. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametuambia Daktari ni wa jamii gani. Jina Mabwana wa Wakati, yaani watu wake, lilitajwa mara ya kwanza mwaka 1969. Sayari yao, Gallifrey, ilipata jina mwishoni mwa 1973. Neno lenyewe la kujihuisha lilitamkwa 1974. Kwa hiyo mambo ambayo leo shabiki huyaona kama misumari ya msingi yaligongwa moja moja, kwa miaka zaidi ya kumi, na watu tofauti, kila mmoja akiwa na shida yake ya wiki ile.

Tamthilia ilisimama mwaka 1989. Ikaja filamu moja ya televisheni mwaka 1996, kisha kimya tena, hadi tarehe 26 Machi 2005 ilipofufuliwa chini ya Russell T Davies.

Maneno matatu ya kushika

Mwendelezo ni ile hali ya kipindi cha leo kuheshimu yaliyotokea katika kipindi cha jana. Mhusika akivunjika mkono wiki hii, wiki ijayo tutarajie bandeji.

Kanoni ni jumla ya yale yanayohesabiwa kwamba yametokea kweli ndani ya hadithi. Doctor Who haiishii kwenye televisheni. Kuna riwaya, vibonzo na michezo ya sauti, na vingi vilitolewa katika miaka ambayo televisheni ilikuwa kimya. Je, jambo likitokea kwenye riwaya, linamfunga mwandishi wa televisheni? Hilo ni swali la kanoni.

Kurekebisha nyuma ni pale kipindi kipya kinapobadilisha maana ya jambo la zamani. Miaka yote tulijua fulani ni yatima. Leo tunaambiwa baba yake yu hai na alikuwa jirani siku zote. Hili si sawa na kosa. Kosa ni mwandishi kusahau. Kurekebisha nyuma ni mwandishi kukumbuka vizuri sana, kisha akaamua vingine. Ugomvi mwingi mitandaoni huanza kwa sababu watu wanachanganya haya mawili, na anayelalamikia uamuzi hujibiwa kana kwamba amelalamikia kosa.

Asikilizaye hadithi za Sungura hapigi hesabu. Leo Sungura kanasa kwenye ulimbo, kesho anamdanganya Fisi, na hakuna mtoto anayeuliza alichomokaje, wala Fisi aliyekufa jana leo katokea wapi. Doctor Who ilizaliwa ikiwa hivyo. Baadaye ndipo watu walipoanza kuisoma kama nasaba ya masharifu, ambapo jina moja likikosekana katikati, mnyororo wote unatiliwa shaka. Hadithi ni ile ile. Namna ya kuisikiliza ndiyo iliyobadilika, na huko kubadilika kulikuwa na sababu zake, nitazifikia.

Zamani nako hakukupatana

Tuchukue Atlantis, kisiwa cha ngano kilichozama baharini. Katika Doctor Who kimeangamizwa mwaka 1967 mbele ya macho yetu. Mwaka 1971 kiumbe mmoja akadai jamii yake ndiyo iliyokiangamiza. Mwaka 1972 kikaangamizwa tena, kwa njia ya tatu. Hadithi mbili za mwisho zilitayarishwa na timu ile ile.

Umri wa Daktari ni kichekesho zaidi. Mwaka 1967 alisema ana miaka kama 450. Mwaka 1975 akawa na 750 hivi. Mwaka 1985 akataja 900, na 1987 akatoa hesabu kamili, 953. Tamthilia ilipofufuliwa mwaka 2005 akarudi na 900. Amezaliwa kinyumenyume huyu.

Halafu kuna UNIT, kikosi cha kijeshi kinachopambana na viumbe wa nje, ambacho Daktari alikitumikia kama mshauri. Vipindi vyake vya miaka ya 70 vilitokea mwaka gani? Sarah Jane Smith, aliyesafiri na Daktari katika siku hizo, alisema mwaka 1975 kwamba ametoka mwaka 1980. Sawa. Lakini hadithi ya 1983 ikatuambia kwamba Brigedia, mkuu wa kikosi hicho aliyekuwa bado kazini enzi za Sarah Jane, alistaafu mwaka 1976. Haiwezekani. Watu wameandika kurasa na kurasa kujaribu kuvipatanisha. Mwaka 2008 tamthilia yenyewe ilijitania: Daktari akasema alifanya kazi na UNIT miaka ya 70, au ilikuwa ya 80? Huo ndio ulikuwa ufumbuzi, utani, na kusema kweli sijaona uliouzidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1976. Januari mwaka huo hadithi iitwayo The Brain of Morbius ilimwonyesha Daktari akipambana kwa nguvu ya akili na adui. Mashine ikaanza kuonyesha sura zake za zamani: Jon Pertwee, Troughton, Hartnell, kisha nyuma ya Hartnell zikaja sura nyingine nane zisizojulikana. Zilikuwa picha za watu wa utayarishaji wenyewe, wamevaa mavazi ya kale, akiwemo mtayarishaji Philip Hinchcliffe na mhariri wa miswada Robert Holmes. Maana yake dhahiri ni kwamba Hartnell hakuwa wa kwanza.

Miezi kadhaa baadaye, mwaka huo huo, Holmes huyo huyo akaandika The Deadly Assassin. Alihitaji kumrudisha adui mkubwa, the Master, ambaye mwigizaji wake Roger Delgado alifariki kwa ajali ya gari nchini Uturuki mwaka 1973. Akamleta akiwa ameoza, amebaki macho na mifupa, na ili kueleza kwa nini, akabuni sheria: Bwana wa Wakati anaweza kujihuisha mara 12 tu, basi. Maisha 13. Sasa piga hesabu. Kama zile sura nane ni za Daktari, Tom Baker aliyekuwa akiigiza wakati huo, na ambaye sote tunamwita wa nne, ni wa 12. Amebakiwa na uhai mmoja. Holmes alikuwa kwenye zile picha na ndiye aliyeandika ile sheria, na haionekani kwamba alikosa usingizi.

Jinsi The Deadly Assassin ilivyopokewa wakati huo inafundisha jambo. Rais wa chama cha mashabiki aliandika uhakiki mkali sana. Mabwana wa Wakati, waliokuwa kama miungu ya mbali, alisema, wameshushwa wakawa wazee wenye fitina na maumivu ya mgongo. Hadithi hiyo leo huhesabiwa miongoni mwa bora kabisa za enzi zake, na ile sheria ya 12 ikawa jambo ambalo wajukuu wa wale waliolalamika wangelipigania.

Kwa hiyo anayesema kwamba zamani kila kitu kilipatana anakumbuka kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Hata Terry Nation, aliyebuni Dalek, maadui wakubwa wa Daktari, hakujifunga na maneno yake mwenyewe. Hadithi yake ya kwanza ilisema Dalek wametokana na watu walioitwa Dal. Mwaka 1975 akaandika upya asili yao katika Genesis of the Daleks: sasa ni Kaled, na ameongezeka mwanasayansi katili aitwaye Davros. Kila kitu kimebadilika. Mashabiki wakaipenda kupita kiasi, na ndiyo huwa juu au karibu na juu kila wanapopiga kura ya hadithi bora.

Hapo ndipo fundo lilipo. Kama tatizo ni kuvunja mwendelezo, Genesis ilipaswa kuchukiwa.

Kanda zilizofutwa, na watoto waliokua

Kwa nini waandishi wa zamani walikuwa huru hivyo? Kwanza, hawakuwa na namna ya kurudi kutazama. BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili zitumike tena, na filamu zilizonakiliwa kwa ajili ya kuuzwa nje ziliharibiwa zikimaliza kazi. Vipindi karibu mia moja vya miaka ya 60 vilipotea hivyo. Vingine vimekuja kuokolewa na wateja wa ng'ambo: vile vilivyotangazwa Oktoba 2013, tisa kwa mkupuo, vilipatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Afrika ilitunza kile London ilichotupa, ingawa nadhani wa Jos hawakujua wana nini kwenye rafu.

Mtazamaji naye alikuwa hivyo hivyo. Kipindi kilirushwa Jumamosi jioni, kikapita. Aliyekumbuka vingine hakuwa na ushahidi. Miaka ya 80 ndipo vitabu vya orodha na kanda za video zilipoenea, na ghafla kijana wa miaka 15 akawa anajua zaidi ya mwandishi. Watayarishaji wakaanza kumwandikia kijana huyo. Attack of the Cybermen ya mwaka 1985 iliegemea hadithi za 1966 na 1967, mojawapo ikiwa miongoni mwa zile zilizopotea wakati huo. Mzazi aliyekaa na watoto wake Jumamosi akaachwa nje ya mlango. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee ya tamthilia kusimamishwa miaka minne baadaye, kwani zilikuwepo nyingi, lakini haikusaidia.

Halafu wale vijana wakakua, wakapewa funguo. Davies, Steven Moffat aliyemfuata, na Chris Chibnall aliyemfuata Moffat, wote walikuwa mashabiki tangu utotoni. Chibnall ana kisa chake. Mwaka 1986, akiwa kijana, alionekana katika kipindi cha BBC akiwakosoa waandishi wa Doctor Who ana kwa ana, kwamba kazi yao haina ubunifu. Miaka 34 baadaye zamu ya kukosolewa ikamfikia.

Mawili yanayofanana, mapokezi mawili

Ufufuo wa 2005 uliingia kwa miguu laini. Kipindi cha kwanza hakikutaja Mabwana wa Wakati kabisa, na jina Gallifrey halikutamkwa hadi Krismasi ya 2006. Davies aliondoa mzigo kwa pigo moja: ilitokea vita, watu wa Daktari wameangamia wote, na aliyewaangamiza ni yeye mwenyewe ili kuyaokoa yaliyosalia. Mtazamaji mpya alihitaji kujua hilo tu. Majuto hayo yaliendesha tamthilia kwa miaka minane.

Tarehe 23 Novemba 2013, katika sherehe ya miaka 50, Moffat akayafuta. The Day of the Doctor, iliyorushwa kwa wakati mmoja katika nchi 94, ilituambia kwamba Daktari hakuiangamiza Gallifrey. Madaktari wote waliungana wakaificha. Zaidi ya hapo akaongezwa Daktari mzima ambaye hatukuwahi kumsikia, aliyeigizwa na John Hurt, katikati ya wale tuliowahesabu. Mwezi uliofuata, siku ya Krismasi, hesabu ikapigwa upya: kwa kumjumlisha Hurt, na kujihuisha kumoja ambako Daktari wa David Tennant alikutumia mwaka 2008 bila kubadili sura, Matt Smith, Daktari wa wakati huo, alikuwa amefika mwisho wa zile mara 12 za Holmes. Akapewa nyingine. Hayo ni marekebisho makubwa kuliko yoyote ya ufufuo hadi wakati huo, na watu walilia kwa furaha.

Tarehe 1 Machi 2020 Chibnall naye akarekebisha. The Timeless Children ilisema kwamba Daktari si mzaliwa wa Gallifrey. Ni mtoto aliyeokotwa kando ya lango la kwenda ulimwengu mwingine na mwanasayansi aitwaye Tecteun. Mtoto akaanguka, akafa, akajihuisha. Tecteun akaisoma siri hiyo mwilini mwake na kuwagawia watu wake. Mabwana wa Wakati wote wamepata uwezo wao kwa mtoto huyo. Mtoto akaishi maisha mengi, kisha kumbukumbu zikafutwa. Hartnell si wa kwanza. Na zile sura nane za 1976, zilizoning'inia hewani miaka 44, zikapata maelezo. Kwa shabiki wa mwendelezo hii ingekuwa zawadi. Ikawa vita, na haijaisha hadi leo.

Tofauti ni nini, basi? Yote mawili yalibadilisha zamani. Yote mawili yaliongeza Madaktari.

Tazama kwanza kinachotokea ukirudi kutazama vipindi vya zamani. Moffat aliweka sharti kwamba Daktari wa Hurt na wengine wote wa kabla ya Smith hawatakumbuka waliyofanya. Christopher Eccleston, Daktari wa 2005, bado anaamini kwamba ameua, bado analia kweli, na kila tukio lake linabaki na uzito ule ule. Marekebisho yaliwekwa juu ya jengo bila kugusa matofali. Ya 2020 yanagusa. Daktari tuliyemjua alikuwa mtu wa kawaida miongoni mwa watu wake, aliyechoka na starehe zao za kutazama tu, akaiba chombo kibovu, akakimbia. Ushujaa wake ulikuwa chaguo. Sasa yeye ni chimbuko la taifa zima, mtoto wa ajabu kuliko wote. Wanaopinga wanasema: umemchukua mtu aliyeamua kuwa mwema, ukampa damu ya kifalme.

Wanaotetea nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Jina la tamthilia ni swali, wanasema, na swali hilo lilikuwa limekwisha jibiwa tangu 1969. Chibnall amelirudisha. Isitoshe, mtoto aliyeokotwa, aliyetumiwa kisha akafutiwa kumbukumbu, ni kitu kingine kabisa na mwana wa mfalme; ni mtu aliyedhulumiwa asiyejua kwao. Davies aliporudi usukani mwaka 2023 hakulifuta jambo hilo. Kipindi cha kwanza kamili cha Gatwa, cha Krismasi mwaka huo, kilimkutanisha na Ruby Sunday, msichana aliyetupwa mlangoni mwa kanisa akiwa mchanga, na Daktari akamwambia kwamba naye alilelewa na wasio wazazi wake. Kwa sentensi moja jambo lililokuwa fumbo la nasaba likawa hisia ya mtu.

Mimi nadhani kosa la 2020 lilikuwa la usimulizi. Daktari amefungwa sehemu moja, amesimama, na adui yake anamhadithia maisha yake kwa maneno marefu. Mwaka 2013 Daktari alitenda. Mwaka 2020 aliambiwa. Mtazamaji anaweza kusamehe mgongano wa tarehe akiwa anatetemeka kwa msisimko. Akiketi anasikiliza mhadhara, ndipo anapopata nafasi ya kupekua daftari.

Na akipekua, atakuta dosari halisi pia. Daktari wa Jo Martin, aliyeonekana mara ya kwanza Januari 2020 na anayedokezwa kuwa wa kabla ya Hartnell, anasafiri kwa kibanda cha buluu cha polisi. Lakini hadithi ya kwanza kabisa ilitueleza kwamba TARDIS hubadilika umbo kila mahali, na kwamba ilikwama katika sura hiyo baada ya kutua London mwaka 1963. Kabla ya Hartnell haikupaswa kuwa kibanda. Wengine wamebuni maelezo. Televisheni haijatoa lake.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe bila kuzungukazunguka. Si kila anayelia kuhusu mwendelezo analia kuhusu mwendelezo. Jodie Whittaker alipotangazwa mwaka 2017 kuwa Daktari wa kwanza mwanamke, na Gatwa alipotangazwa baadaye, wapo waliodai kwamba kanoni imevunjwa. Haikuvunjwa. Mwaka 2011 Daktari alimtaja rafiki yake, Bwana wa Wakati, aliyewahi kuwa mwanamke katika baadhi ya maisha yake. Mwaka 2014 the Master alirudi akiwa mwanamke, akiigizwa na Michelle Gomez. Mwaka 2015 jenerali mmoja wa Gallifrey alijihuisha mbele yetu kutoka mwanamume mzungu hadi mwanamke mweusi. Njia ilikuwa imesafishwa kitambo. Anayejua kwa moyo tarehe za UNIT lakini hayakumbuki haya matatu, mwendelezo kwake ni koti tu. Wakati huo huo si haki kumtupia koti hilo kila aliyeikosoa The Timeless Children. Wengi wao walimpenda sana Whittaker na walilalamika kwamba amepewa miswada isiyomtosha.

Tangu 2023

Davies wa mara ya pili si yule wa mara ya kwanza. Desemba 2023, badala ya Tennant, aliyekuwa amerejea kama Daktari, kugeuka kuwa Gatwa, alipasuka wakawa wawili. Tennant akabaki duniani na familia ya rafiki yake, Gatwa akaondoka na TARDIS. Kimantiki hakuna kilichovunjika, kwani hata kujihuisha kwenyewe kulibuniwa hivyo hivyo, kwa ghafla. Lakini tangu 1966 badiliko lilikuwa msiba mdogo. Ulilazimika kumuaga mmoja ili umpokee mwingine. Sasa yule wa zamani yuko bustanini anakula na jamaa zake, na baadhi ya watu walihisi kwamba Gatwa amepewa kiti ambacho mwenyewe wa awali hajainuka. Naona walikuwa na sababu, hasa kwa kuwa huyu alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia hii. Gatwa mwenyewe aliujaza ukumbi kiasi kwamba baada ya vipindi viwili vitatu nilisahau.

Kisha zikaja safari za makaburini. Mwaka 2024 adui mkuu wa msimu alikuwa Sutekh, wa hadithi ya 1975. Mwaka 2025 akaja the Rani, aliyeonekana katika hadithi za 1985 na 1987. Akaja Omega, ambaye mara ya mwisho alikuwa mwaka 1983. Akaonekana kwa kufumba na kufumbua Susan, mjukuu wa Daktari, akiigizwa na Carole Ann Ford yule yule aliyeondoka mwaka 1964. Mtazamaji wa miaka 20 aliyeingia kupitia Disney+, iliyokuwa ikiisambaza nje ya Uingereza tangu 2023, alitazama muziki ukipanda kwa jina la Omega bila kujua asisimke kwa sababu gani. Na aliyemjua Omega akaona jitu lisilofanana naye, likaishia dakika chache. Wote wawili walikosa.

Ndiyo maana naona lawama ya 2025 ilielekezwa pasipo. Watu walishika lile la mwili wa Omega kwa sababu linaonekana na linathibitika. Lakini Dalek walibadilishiwa asili nzima mwaka 1975 na hakuna aliyeandamana, kwa kuwa walipewa Davros na hadithi ya saa mbili na ushee ya vita, njaa na uamuzi mgumu. Omega alipewa jina tu, akategemewa kwamba kumbukumbu zetu zitafanya kazi iliyobaki.

Je, hakuna wa kuamua? Kampuni nyingine zina utaratibu. Lucasfilm, baada ya kununuliwa na Disney, ilitangaza Aprili 2014 kwamba riwaya za Star Wars zilizokwisha kuchapishwa zitawekwa kando chini ya jina Legends, na kanoni ikaanza upya. BBC haijawahi kutoa orodha ya namna hiyo kwa Doctor Who. Kinachotokea ni kwamba anayeshika usukani huchagua cha kukumbuka, na kisichokumbukwa hukauka chenyewe. Filamu ya 1996 ilisema Daktari ni nusu binadamu kwa upande wa mama. Hakuna mwandishi aliyejitokeza kukanusha rasmi. Ufufuo ulipita kimya, mwaka 2015 ukalitania kidogo, na mambo yakaendelea. Pengine The Timeless Children nayo itafanyiwa hivyo na mwandishi fulani wa miaka ya 2030 ambaye leo ana miaka 14 na amekasirika sana.

Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba ubia na Disney umefikia tamati na kwamba Davies ataandika kipindi maalumu cha Krismasi 2026. Anayetaka kuingia kabla ya hapo hahitaji miaka 60 ya kazi ya nyumbani. Aanze na vipindi vya 2005 kwa mpangilio, ambavyo viliandikwa kwa ajili ya mgeni. Akitaka kuonja za kale, Genesis of the Daleks inajitosheleza. Na akifika 2020, kabla hajafungua The Timeless Children, atazame The Brain of Morbius. Zile picha nane zinapita upesi, kwa hiyo asiinuke kwenda kuchukua chai.